USIFUNIKE UBOVU: TAZAMA CHINI YA SAKAFU YA MTUMBWI WAKO

Ndugu msomaji, fikiri kwamba ni usiku. Hakuna mwezi. Mtumbwi umetoka Lamadi na sasa uko mbali na mwalo. Taa zinawaka juu ya maji. Dagaa wamekusanyika. Wavuvi wanne wanavuta wavu.

Mmoja wao amesimama nyuma, juu ya sakafu ya plaiwudi. Anakaza miguu ili avute. Ghafla sakafu inapasuka. Mguu wake unazama hadi gotini. Anaanguka upande. Mtumbwi nao unalala upande. Je, mtu huyu atarudi nyumbani mzima?

Siku chache kabla ya hapo, tajiri wa mtumbwi alikuwa Bariadi. Alipigiwa simu. Aliambiwa kwamba sakafu inabonyea. Akatuma fedha. Fundi akapigilia plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani. Akapaka rangi. Sakafu ikapendeza. Lakini ubovu ulibaki palepale, chini ya rangi mpya. Boriti zilizobeba sakafu zilikuwa zimeoza, wala hakuna aliyezitazama.

Huu ni mfano tu. Lakini jambo lenyewe linaweza kutokea katika mwalo wowote. Tunasema kila siku, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ni kweli. Lakini kuziba ufa si sawa na kuufunika. Leo tujifunze jinsi ya kutambua ubovu wa sakafu ya mtumbwi, na jinsi ya kuuondoa.

JAMBO HILI LATUHUSU

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima wa pamba. Niko Bariadi. Mtumbwi wanihusu nini?"

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Busega imepakana na Ziwa Victoria. Barabara ya lami inatoka Bariadi hadi Lamadi. Dagaa na samaki hupita humo kuja masokoni kwetu. Mkulima aliyeuza pamba yake anaweza kununua mtumbwi au kuchangia injini. Kijana wake anaweza kwenda kuvua. Mama anayefuata dagaa mwaloni huenda akapanda chombo hicho hicho.

Basi sakafu mbovu ziwani inaweza kumuumiza mtu wa nyumbani kwako.

PLAIWUDI NI NINI?

Mitumbwi mingi ya ziwani hujengwa kwa mbao nzima zilizopasuliwa kutoka kwenye gogo. Lakini sakafu ya mbele au ya nyuma huweza kutengenezwa kwa plaiwudi. Sakafu hiyo ya juu ndiyo mabaharia huiita sitaha.

Plaiwudi si ubao mmoja. Ni matabaka membamba ya mbao yaliyobandikwa pamoja kwa gundi. Nyuzi za tabaka moja huenda kwa urefu. Nyuzi za tabaka linalofuata hukata kwa upana. Kwa sababu hiyo plaiwudi ni nyepesi, ina nguvu, na haipasuki ovyo.

Lakini ina udhaifu wake. Tazama ukingo uliokatwa kwa msumeno. Utaona ncha za nyuzi. Kila uzi ni kama mrija mdogo sana. Maji yakigusa ukingo, mirija hiyo huyanywa na kuyapeleka ndani. Tundu la msumari ni hivyo hivyo. Unaweza kupaka uso wa plaiwudi rangi nzuri sana. Kama hukupaka kingo na matundu, umefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

KWA NINI MBAO HUOZA?

Mbao haiozeshwi na maji peke yake. Huozeshwa na kuvu, yaani jamii ya ukungu. Kuvu ni kiumbe hai. Anataka vitu vinne: mbao ya kula, unyevu, hewa na joto.

Tazama nguzo ya ua wako. Sehemu ya juu imekauka, haiozi upesi. Sehemu ya chini kabisa ina unyevu, lakini hewa ni kidogo. Nguzo huanza kuoza pale inapotoka ardhini. Hapo unyevu na hewa hukutana.

Sakafu ya mtumbwi ni hivyo hivyo. Maji ya mvua hutuama juu yake. Wavu mbichi hulazwa juu yake. Turubai hufunikwa na kuzuia upepo. Chini ya sakafu ni giza na joto. Kuvu anapata kila anachotaka. Wala usifikiri kwamba maji ya ziwani hayana madhara. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi humpunguza nguvu kuvu. Maji ya ziwa na ya mvua hayana chumvi hiyo.

Kwa hiyo unapoona sehemu iliyooza, usiulize tu, "Nitaweka kiraka gani?" Uliza kwanza, "Maji yameingilia wapi?" Usipojibu swali hilo, kiraka chako nacho kitaoza.

PIMA KWA MACHO, MASIKIO, MIGUU NA MKONO

Vuta mtumbwi nchi kavu. Toa wavu, injini na mizigo. Osha sakafu, iache ikauke. Chukua chaki, bisibisi, nyundo ndogo na tochi. Kisha fanya hivi:

1. Tumia macho. Tafuta rangi iliyotoka malengelenge. Tafuta nyufa ndefu nyembamba. Tafuta weusi kuzunguka misumari. Mwaga maji kidogo uone yanatuama wapi. Weka alama ya chaki kila mahali penye shaka.

2. Tumia masikio. Gonga sakafu polepole kwa mpini wa bisibisi, shibiri hadi shibiri. Mahali pazima hulia ko! ko! kama mlango mgumu. Mahali palipooza, au palipobanduka ndani, hulia pu! pu! kama gunia. Weka alama ya chaki.

3. Tumia miguu. Tembea taratibu huku ukishika ukingo wa mtumbwi. Sakafu ikibonyea, usiseme upesi kwamba plaiwudi imeoza. Huenda misumari imelegea. Huenda boriti iliyo chini imevunjika. Mwenzako aingie chini na tochi atazame unapokanyaga. Atakuambia ni kitu gani kinachocheza.

4. Tumia mkono. Choma kwa ncha ya bisibisi pale ulipoweka chaki. Mbao nzima hukataa. Ukiinyanyua, hutoa kijiti kirefu. Mbao iliyooza hukubali. Hukatika vipande vifupi visivyo na nyuzi, au hutoka kama unga mbichi.

5. Pita chini. Hapa ndipo wengi hukosea. Ubovu mwingi huanza chini ya sakafu, maana huko hakuna jua wala upepo, na mara nyingi hakuna rangi. Choma boriti pia. Choma hasa pale boriti inapokutana na ubavu wa mtumbwi.

MAGONJWA MATATU

Daktari hatoi dawa moja kwa kila ugonjwa. Nawe ukimaliza kupima, amua ni ugonjwa gani.

Ugonjwa wa kwanza ni wa ngozi. Rangi imepasuka, na tabaka la juu lina nyufa ndogo. Lakini mbao ni ngumu, na mlio wake ni mzuri. Dawa yake ni kukwangua rangi iliyolegea, kukausha, kupiga msasa, kujaza nyufa na kupaka rangi upya.

Ugonjwa wa pili ni wa gundi. Matabaka yamebanduka, lakini mbao zenyewe bado ngumu. Ukipitisha kisu ukingoni, kinaingia kati ya matabaka. Kama sehemu ni ndogo, fungua matabaka taratibu kwa kisu. Yaache yakauke kabisa. Ingiza gundi isiyoharibiwa na maji. Gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, hufaa. Weka kipande cha nailoni juu, kisha ubao, kisha mawe mazito. Gundi haishiki kwenye nailoni, kwa hiyo ubao hautanasa. Acha mpaka gundi iwe ngumu.

Ugonjwa wa tatu ni wa kuoza. Huu hauna dawa ya kupaka. Mbao iliyooza haiwezi kurudi kuwa nzima. Lazima ikatwe.

JINSI YA KUKATA NA KUWEKA KIRAKA

Kwanza, kausha. Funga turubai juu kama paa, ili mvua isipige lakini upepo upite. Siku za kiangazi hufaa zaidi. Utajuaje kama mbao imekauka? Bandika kipande cha nailoni angavu juu yake na ubane kingo zote. Acha nusu siku ya jua. Ukiona umande ndani ya nailoni, mbao bado ina maji. Ngoja.

Pili, kata. Usikate pale tu palipo laini. Kuvu hutangulia mbele ya ubovu unaouona. Pita ubovu kwa upana wa kiganja, uingie kwenye mbao ngumu. Kata kwa mistari iliyonyooka. Ukiweza, mstari wa kukata uangukie katikati ya boriti, ili ukingo wa zamani na ukingo wa kiraka vyote vipate pa kulala. Angalia msumeno usikate boriti.

Tatu, tazama boriti. Kama imeoza, iondoe uweke nyingine. Kama ni nzima lakini ina ufa, weka boriti mpya ubavuni mwake na uzifunge pamoja kwa bolti. Usiweke plaiwudi mpya juu ya boriti mbovu. Hilo ndilo kosa la fundi katika mfano wetu.

Nne, weka kitako cha kiraka. Upande usio na boriti, funga ubao chini ya ukingo wa tundu. Upana wake uwe vidole vinne au zaidi. Vidole viwili vishike sakafu ya zamani, viwili vipokee kiraka. Upake gundi na ukaze kwa skrubu.

Tano, kata kiraka. Unene wake uwe sawa na wa plaiwudi ya zamani. Kama ile ni milimita 12, nayo iwe milimita 12. Nyuzi za uso wake zikate boriti, zisiende sambamba nazo. Zikienda sambamba, kiraka kitabonyea. Jaribu kiraka kwenye tundu kabla ya kupaka kitu chochote.

Sita, paka kabla ya kufunga. Paka uso wa juu, uso wa chini, na kingo zote. Kingo zipake mara tatu. Ngoja kila mkono wa rangi ukauke kabla ya kupaka mwingine. Sehemu zitakazotiwa gundi zibaki bila rangi, maana gundi itashika rangi badala ya kushika mbao. Paka pia chini ya sakafu ya zamani na boriti zake. Ukiharakisha hapa, kazi yote ni bure.

Saba, funga. Toboa matundu kwa keekee kwanza. Tia tone la gundi au rangi ndani ya kila tundu. Tumia skrubu zisizoshika kutu. Ziachane nusu shibiri. Zisikaribie ukingo kuliko upana wa kidole gumba. Jaza nafasi ya maungio kwa gundi au puti ya mitumbwi.

Nane, paka rangi ya juu. Rangi ikiwa mbichi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, kisha paka tena. Mguu wenye maji hautateleza.

Mwisho, jaribu. Mwaga ndoo ya maji juu ya kiraka. Mwenzako atazame chini kama yanavuja. Kisha mtu mmoja akanyage, halafu wawili. Fanya jaribio hilo nchi kavu, si ziwani.

PAMBA SI YA PLAIWUDI

Sisi watu wa Simiyu twaijua pamba. Mafundi wa mitumbwi nao huitumia. Huisokota na kuishindilia kwa patasi butu katikati ya mbao za ubavuni, ili maji yasipite. Kazi hiyo huitwa kukalafati. Ni kazi nzuri ya kale.

Lakini usikalafati maungio ya plaiwudi. Ukishindilia pamba kwa nyundo kwenye ukingo wake, unafungua matabaka kama kurasa za kitabu. Kisha pamba hunywa maji na kuyashikilia humo. Pamba iende kwenye mbao nzima. Plaiwudi ipate gundi na rangi.

MAMBO YA KUEPUKA

Usipake oili chafu ya injini. Oili huzuia gundi na rangi visishike. Tena huingia ziwani, na wengi wetu tunachota maji hayo hayo.

Usipige bati juu ya sakafu mbovu. Bati huficha ubovu na kufungia maji ndani.

Usitumie plaiwudi ya dari au ya kabati. Gundi yake huenda haivumilii maji. Madukani utaambiwa, "Hii ni marini bodi." Jina peke yake si ushahidi. Omba kipande kidogo. Kichemshe katika sufuria saa kadhaa, ukikitazama mara kwa mara. Matabaka yakifunguka, usiinunue kwa kazi ya ziwani. Na kama uso wake unang'aa kwa utando wa kahawia au mweusi, upige msasa kwanza, maana rangi haishiki vizuri juu ya utando huo.

Usichanganye gundi ya epoksi kwa mikono mitupu. Vaa glavu. Fanya kazi mahali penye upepo. Unapopiga msasa, funika pua na mdomo. Usivute sigara karibu na rangi na tina.

NUNUENI PAMOJA

Plaiwudi nzuri ina bei. Ndiyo maana watu hutafuta ya rahisi. Lakini tufanye hesabu kidogo.

Plaiwudi moja nzima huwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Hizo ni kama sentimita 122 kwa 244. Tuseme kila mtumbwi unahitaji kiraka cha sentimita 40 kwa 60. Upana wa 122 unatoa vipande vitatu vya 40. Urefu wa 244 unatoa vipande vinne vya 60. Tatu mara nne ni 12. Plaiwudi moja nzuri inatosha viraka 12.

Wenye mitumbwi 12 wakichanga, kila mmoja atalipa sehemu moja tu ya bei. Gundi na skrubu mnaweza kuzinunua vivyo hivyo. Zungumzeni jambo hili katika kikundi chenu cha mwaloni.

NANI ANALIPA, NANI ANASIMAMA?

Ndugu msomaji, hapa ndipo kiini cha jambo. Anayelipia kiraka mara nyingi si yule anayesimama juu yake. Tajiri yuko Bariadi au Nyashimo. Mvuvi yuko ziwani usiku. Tajiri huona gharama. Mvuvi huona maji.

Tajiri, usitosheke na picha ya sakafu iliyopakwa rangi. Nenda mwaloni. Chukua bisibisi na tochi. Pita chini. Ukishindwa kwenda, mwambie fundi akuonyeshe mbao alizokata, na boriti kabla hazijafunikwa. Fundi mwema hataona haya kukuonyesha.

Mvuvi, usikubali kuingia ziwani juu ya sakafu inayobonyea kwa sababu unaogopa kukosa zamu. Sema mapema. Aliyepoteza usiku mmoja wa kuvua atavua kesho. Na hata sakafu ikiwa imara, vaa jaketi la kuokoa maisha.

Tena kumbukeni kwamba usalama wa vyombo vya majini una msimamizi wake. Ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Mkaguzi akifika mwaloni, msifiche mtumbwi mbovu. Muulizeni maswali. Anakagua kwa ajili yenu.

Ukimaliza kutengeneza, tunza. Kila jioni ya mvua futa maji yaliyotuama. Usiache wavu mbichi juu ya sakafu. Mtumbwi ukilala nchi kavu, uinamishe kidogo ili maji yatiririke. Fungua chini upepo upite. Kila mwezi gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Mtumbwi hausemi. Lakini ukiugonga, unajibu. Usikilize kabla hujaingia ziwani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Soma makala hii pamoja na mwenzako, kisha jibuni:

1. Kwa nini ukingo wa plaiwudi hupakwa rangi mara nyingi kuliko uso wake?
2. Sakafu inabonyea. Taja mambo matatu yanayoweza kuwa chanzo.
3. Kwa nini si vizuri kupigilia plaiwudi mpya juu ya ile iliyooza?
4. Viraka vyenu ni vya sentimita 60 kwa 60. Plaiwudi moja itatoa vingapi?
5. Katika mwalo wenu, mvuvi akiona sakafu mbovu humwambia nani? Je, husikilizwa?